Toa Kumi

"Hapana mjomba, skrini haikuzima meli. Skrini ilipiga kelele, watu wakaipuuza."

Nilimjibu hivyo hata tonge sijalimeza. Mjomba alikuwa amechuchumaa kwenye baraza ya karakana yake, hapa hapa Gongoni, Tabora, anapanga kwenye sanduku la mbao geji za zamani, vile vipimo vya mshale vilivyong'olewa melini. Kila geji anaizungushia kitambaa taratibu, kama anafunga mtoto nepi. Sanduku hilo lilikuwa la kwenda Kigoma na treni ya kesho. Asubuhi fundi mkuu wa meli alikuwa amempigia simu: mzee, rudisha geji zako, hii televisheni aliyotufungia mpwa wako imetutia aibu ziwani, abiria wameungua jua katikati ya maji na injini imezimika.

Televisheni! Ile ni skrini ya kusoma joto na presha ya injini. Nilikuwa kwenye timu iliyoifunga. Mimi ndiye niliyelala chali chini ya mabomba na kupitisha nyaya, mafuta yananidondokea usoni. Sasa watu wanataka iondolewe kwa sababu ya safari moja.

"Geji zangu hazijawahi kuacha meli ziwani," mjomba alisema bila kuniangalia.

Hilo ni kweli, na ndilo lililokuwa linaniuma. Mjomba alijifunza kutengeneza geji akiwa kijana kule reli, na meli ilipokuwa ikiharibikiwa, geji ilifungwa kwenye gazeti akapewa mtu wa treni, ikafika Tabora kama mgonjwa wa rufaa. Mjomba anaifungua, anaisafisha, anairudisha. Ila waliozitengeneza waliacha zamani. Spiringi hazipatikani dukani popote, kwa hiyo alikuwa anatoa spiringi kwenye geji iliyokufa anaitia kwenye iliyo hai, mpaka zilizokufa zikamwishia. Ile ya joto la maji ya injini ikaanza kuzidisha. Ikisoma tisini, ujue ni themanini. Akashindwa kuirekebisha, basi akapanda treni mwenyewe akaenda kuandika ukutani juu yake, kwa rangi nyekundu: TOA KUMI. Kila anayeanza kazi kwenye chumba cha injini, hilo ndilo somo lake la kwanza.

"Mama," mjomba alimwita bibi, aliyekuwa kwenye mkeka anabangua karanga, "mwambie mjukuu wako kazi ya watu haifanywi kwa hasira."

"Mimi hayo siyajui," bibi akasema. "Ninachojua, babu zenu walibeba pembe kichwani kutoka huko huko Ujiji wakapita hapa mpaka pwani. Hakuna aliyebeba kitu kwenda halafu akakirudisha. Nyie mnapeleka mnarudisha, mnapeleka mnarudisha. Wapagazi gani nyie?"

Nikacheka. Mjomba hakucheka.

Sikuweza kukaa tu. Nikampigia baba mmoja wa melini, aliyekuwa zamu kwenye injini siku ile, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Enhe, watu wa Tabora, leo mmetuletea nini tena?"

"Sijaleta kitu. Nataka kujua tu, kabla injini haijazima, skrini ilikuwa inasoma ngapi?"

"Joto? Tisini na tano."

"Na kengele ililia?"

"Ililia mwanangu! Ile kengele ina kelele kama mbuzi wa sikukuu. Nikaizibia na kitambaa."

"Uliizibia kwa nini baba, na joto limefika tisini na tano?"

"Aa, wewe nawe! Nilitoa kumi. Inabaki themanini na tano, joto la kawaida kabisa. Nikashangaa kengele inalilia nini."

"Nani alikwambia utoe kumi?"

"Si imeandikwa hapo juu?"

Mjomba alikuwa ameshika geji, kitambaa kimening'inia. Nikakumbuka tulivyomaliza kufunga skrini. Nilitaka tupake ukuta rangi, fundi mkuu akakataa. Acha, alisema, huo ni mwandiko wa mzee, umetulinda. Kwa hiyo skrini inayosema kweli ikakaa chini ya maneno yanayomwambia kila mtu kwamba inadanganya.

Nikamshukuru yule baba, nikakata simu.

"Kumbe mwandiko wa mwanangu ndio uliozima meli," bibi akasema, na karanga zikamwagika kwa kicheko.

"Mama, subiri kidogo." Mjomba akanigeukia. "Sasa hiyo si ndiyo sababu ya kurudisha geji? Geji na maandishi vinajuana. Watu wameshazoea. Wewe unataka kuwazoesha upya watu wazima?"

Hapo alinikamata kidogo, nakiri. Lakini sikukubali.

"Na ikianza kuzidisha ishirini, mjomba? Utapanda treni ukaandike tena? Spiringi utatoa wapi? Na siku ikianza kupunguza badala ya kuzidisha, nani atajua? Geji yako haina kengele. Watu watakaa wanatoa kumi mpaka injini ipasuke, na abiria wamo ndani."

Mjomba aliigonga ile geji kwa ukucha, kama anavyofanya siku zote. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukarudi, ukaishia njiani. Akagonga tena. Ukaishia pale pale. Akaiweka sandukuni juu ya wenzake, bila kuizungushia kitambaa.

Misumari ya kufungia sanduku ilikuwa kwenye kopo pembeni. Hakuigusa.

"Nimeshamwahidi mtu," alisema baadaye. "Nimesema kuna kitu kitafika na treni."

"Kitafika. Nitafika mimi."

"Na treni ikichelewa, kwa haraka zako hizo utaisukuma?" bibi akauliza.

Mjomba aliingia ndani ya karakana. Nikadhani kakasirika, tumemaliza. Akatoka na kopo la tapentaini ya kutolea rangi na msasa mkali.

"Msasa laini hautafaa," alisema. "Ile rangi nilipaka mara mbili. Nilitaka idumu."

Nikasema asante mjomba, nikaviweka kwenye begi chini ya kanga. Yeye akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka ukutani na kukaa juu yake. Akamwomba bibi karanga.

Kwa hiyo kesho asubuhi naondoka na treni ya Kigoma. Nikishuka siendi kwanza kwa fundi mkuu kubishana, maana tukianza kubishana tutakesha. Naenda moja kwa moja chumba cha injini kuufuta ule ukuta mpaka chuma kionekane. Halafu namtafuta yule baba wa zamu, natoa kitambaa kwenye kengele, nakaa naye mbele ya skrini. Atakuwa ananisomea namba kwa sauti, kama ilivyo. Akitoa kumi, tunaanza upya.

Fundi mkuu akija, atatukuta hapo.