Namba Iliyosomwa Kanisani

Mwenyekiti wa kwaya aliingia dukani kwangu, Same mjini, siku ya Alhamisi akiwa amevaa koti la Jumapili. Nyuma yake alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa khanga. Walikuwa wameshuka na gari la asubuhi kutoka milimani, Upare ya kusini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

"Haya. Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Ngujini."

Akamgeukia mwalimu. "Mgweno! Tumekwisha. Tumekuja kununua kifaa, tutarudi na mkungu wa ndizi."

Tulicheka wote watatu, maana sisi Wagweno wa migombani ni watani wao. Nikawapa viti.

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la kadi ya grafiki, na namba yake: 3050. Kwa asiyeijua, kadi ya grafiki ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachobeba kazi nzito ya picha. Mwalimu ndiye aliyekuwa akihariri video za kwaya, na kompyuta yake haikuwa na kadi ya maana. Wimbo mmoja uliichukua asubuhi nzima, na mara nyingi ilizimika katikati. Nyimbo nane zilikuwa zimesharekodiwa, na siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa hadi sharika za jirani.

Fedha zilitoka kwenye mnada wa baada ya ibada. Jumapili mbili mfululizo watu walileta tangawizi, jogoo, mayai, maharage. Boga moja, mwalimu alinieleza, liliuzwa mara tatu, kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha mezani liuzwe tena. Na kabla ya mnada kuanza, mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya usharika mzima akaisoma ile namba, mara mbili, ili kila mtu ajue anachangia nini. Namba yenyewe aliipata kwa mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, aliyemwambia kwa simu: "Mjomba, chukua namba kubwa kuliko zote ambayo hela yenu inaifikia."

"Tuwekee hiyo," alisema mwenyekiti. "Hela ipo."

Nilifungua kompyuta kwanza. Niliangalia nafasi ya kadi, nikaangalia pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani, kama ina nguvu ya kutosha. Ilikuwa nayo. Kisha nikawaambia nilichokuwa na hakika nacho: kwa fedha ile, tena ikabaki kidogo, wangepata 2070 iliyotumika, na ingewafaa zaidi.

Mwenyekiti aliniangalia kama niliyemwomba auze kanisa. "Elfu mbili na sabini? Mwanangu, mimi nimetangaza elfu tatu na hamsini."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, niliuza kadi yangu ya zamani ili ninunue yenye namba kubwa zaidi. Nilipoifunga nikakuta mpya inaachwa nyuma na ile niliyoiuza. Nilisikitika wiki nzima, halafu nikakaa chini nikajifunza namba zinasema nini. Tangu hapo sijawahi kumwuzia mtu kadi bila kumweleza.

"Baba," nikamwambia, "watoto wa kipaimara kwenu hufanya mtihani?"

"Hufanya. Na hufeli."

"Basi zikate hizi namba katikati. Thelathini na hamsini. Ile thelathini ni darasa, yaani mwaka wao wa kipaimara. Ile hamsini ni alama za mtoto kwenye mtihani. Nyingine ni ishirini na sabini. Huyo ni mtoto wa darasa lililotangulia, lakini alipata sabini. Ukitaka wa kukusomea somo mbele ya watu, utamchukua yupi?"

Alifikiri. "Lakini darasa jipya limefundishwa mambo mapya."

Hoja hiyo ilinifurahisha, kwa sababu ni ya mtu anayefuata. "Kweli kabisa. Kwa hiyo mwenye sitini wa darasa jipya anaweza kumkaribia mwenye sabini wa darasa la nyuma, pengine hata kumfikia. Lakini hamsini kwa sabini ni mbali. Na kuna jambo jingine. Hii 3050 ya bei yenu ina kumbukumbu ya giga sita. Video zenu zimepigwa na kamera nzuri, ni nzito, zitaijaza. Ile nyingine ina nane."

Mwalimu alikuwa ameinama kwenye kabati la vioo. "Dada, hii hapa imeandikwa 6600. Namba kubwa kuliko zote, na bei ni ndogo. Imeharibika?"

"Nzima kabisa, ila ni ya kampuni nyingine. Wimbo namba mia na ishirini kwenye kitabu chenu, ukifungua kitabu cha Wakatoliki utaukuta?"

"Nitakuta wimbo mwingine."

"Ndivyo hivyo. Kila kampuni ina kitabu chake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ameanzia namba ngapi. Nyingine zikifika mbali hubadilisha hesabu, zikaanza upya. Namba unalinganisha ndani ya kitabu kimoja tu. Hii ni kadi nzuri, ila programu unayotumia kuhariri inaelewana vizuri zaidi na hizi za kitabu cha kwanza."

Nikawaeleza na bei. Darasa jipya likitoka, la nyuma hushuka thamani, lakini mwenye duka aliyenunua kwa bei ya zamani hataki kushusha, kwa hiyo zilizotumika ndizo hushuka kwanza. Mwenye hamsini wa darasa jipya huuzwa karibu na bei ya mwenye sabini wa jana, kwa sababu upya nao una bei yake.

Mwenyekiti alikunja karatasi yake taratibu. "Nimekuelewa," alisema. "Kuelewa kwangu hakuna shida. Sasa nikirudi kule na elfu mbili, tena iliyotumika, nikasema ni bora kuliko elfu tatu, wewe ukiwa umekaa benchi la nyuma utasemaje?"

Sikutaka kumdanganya. "Nitasema umekula."

"Basi." Alitazama nje. "Nimeongoza kwaya hii tangu huyu mwalimu hajajua kusoma. Jina langu halijachafuka hata siku moja."

Hapo ndipo alipokwama. Akinunua ile iliyotangazwa, jina lake linabaki safi na nyimbo zinaendelea kukwama. Akinunua inayofaa, nyimbo zinatoka na yeye anakuwa mwizi. Nikamwambia Jumapili ningefunga duka nipande nao nikaeleze.

"Njoo," alisema, "lakini nitasema mimi. Wewe utajibu maswali. Usharika ni wangu."

Jumapili ile nilipanda na gari la mapema. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Ibada ilipoisha watu walitoka nje kwenye uwanja, meza ya mnada ikawekwa, na mwenyekiti akasimama kabla ya kitu chochote kuuzwa.

Alianza kwa Kiswahili. Alisema namba aliyowasomea ilikuwa makosa, na makosa yalikuwa yake. Kisha akahamia Kipare, na mimi Mgweno nikabaki naokota neno hapa na pale. Nilisikia kipaimara. Nilisikia hamsini na sabini. Alimnyooshea kidole mzee mmoja mwenye kofia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Inaelekea alama za mzee yule zilikuwa hazijasahaulika. Maelezo yangu yalikuwa yamekuwa yake, na yalikwenda vizuri kuliko nilivyoyatoa mimi.

Ndipo mama mmoja wa kikundi cha akina mama akasimama. Sauti yake haikuhitaji spika.

"Mwenyekiti, tulichanga kwa elfu tatu. Sasa umeleta elfu mbili. Hiyo elfu moja imekwenda wapi?"

Watu walicheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha kusubiri. Mwenyekiti alinielekezea mimi mkono.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Namba hizi hazisemi bei. Dukani kwangu ninayo ya elfu sita na mia sita, na ni rahisi kuliko zote mbili."

"Sasa namba ni za nini?"

"Za kukuambia darasa la kadi na alama zake. Na za kukufanya uone kipya ni kikubwa."

"Yaani wanatuchezea."

"Wanauza, mama. Kazi ya mnunuzi ni kuuliza, na wewe umeuliza vizuri."

"Usinipambe. Iliyotumika ikifa, je?"

"Itakuja kwa basi kutoka Dar. Nitaipima mbele ya mtakaowatuma kabla hamjatoa shilingi. Ikisumbua, inarudi ilikotoka."

Bado alikuwa amesimama. Mwenyekiti akasema, kwa utulivu ambao nadhani ulimgharimu, "Mama, hela sishiki mimi. Shika wewe. Jumanne tushuke wote Same."

Mama yule hakuwa ametegemea hilo. Alitazama wenzake, wakamsukuma kwa macho, akasema, "Nitashuka." Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

Jumanne walikuja watatu. Mama alikaa kwenye stuli karibu kabisa na meza yangu, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Kadi ilipotoka kwenye boksi aliichukua kabla yangu, akaigeuza akitafuta maandishi.

"Darasa?" aliniuliza.

"Ishirini."

"Alama?"

"Sabini."

"Kumbukumbu?"

"Giga nane."

"Funga."

Nilifunga. Niliiendesha saa nzima kwa kazi nzito kuliko ambayo wangeipa wao, feni zikiunguruma, nami nikimwonyesha mama joto la kadi kwenye kioo na kumweleza ni kiasi gani ni cha kawaida. Kisha mwalimu akafungua wimbo uliokuwa ukizimia ubeti wa pili kila mara. Nilikuwa nimewaagizia chai. Wimbo ulimaliza kutengenezwa kabla vikombe havijapoa.

"Rudia," alisema mama.

Mwalimu alirudia.

"Tena."

Mara ya tatu mwenyekiti alikuwa anaimba besi polepole akifuata kioo, na sidhani alijua anaimba.

Mama alifungua mkoba, akanilipa, akaomba risiti. Aliisoma yote. Chenji iliyobaki aliifunga ndani ya risiti ile ile, akavirudisha mkobani.

"Mwenyekiti," alisema.

"Naam, mama."

"Jumapili nitasimama mimi niwaambie hela imekwenda wapi. Wewe ukae na kwaya yako."

Mwenyekiti alichukua kikombe chake, alichokuwa hajakigusa tangu chai ije, akanywa hadi mwisho.