Makaa ya Shangazi Yalienda Wapi

Mwaka ule wa njaa, nikiwa mtoto, tulikula ugali wa manjano wa mahindi ya msaada. Shangazi, aliyezoea kupikia kuni, alikuwa akiwakaangia wateja samaki kwa makaa mara ya kwanza pale ufuoni Dunga. Mafuta yalinukia, mate yakanitoka.

“Jiko lilijaa makaa, mbona jivu ni konzi moja?” Shangazi akanifokea. “ Wewe mwizi, omba msamaha ama hakuna samaki!”

Mimi nilidhani moto una tumbo kama langu. “Sikuiba, na siombi msamaha!” Nikalala njaa.

Juzi mjukuu wangu, anayeniita Dani, yaani nyanya, alinifunza: “Dani, makaa yakiungua yanageuka gesi ya kaboni dayoksaidi, yanaenda hewani. Hata kuni na mafuta ya taa.”

Nikampigia Shangazi simu, nikamweleza.

“Sawa,” akacheka, “lakini ulinijibu vibaya mbele ya wateja. Omba msamaha, nikukaangie samaki wako, ngege mzima.”

“Sikuiba, na siombi msamaha!”