Boriti Iliyokataa Kukaa

Watu wa Kevroma hupenda kusema kwamba Taisya alijenga nyumba kwa sababu ya ukaidi. Uongo mtupu. Alijenga kwa sababu mto ulikula nyumba ya mama mkwe wake, na hapakuwa na mwanamume wa kujenga nyingine. Mimi Stepanida nakaa ng'ambo ya njia, dirisha langu linatazama kiwanja chake, na haya niliyaona mwenyewe. Tena kuvumwani, majani laini kama sufu ya kuziba kuta, nilichota mimi kinamasini mpaka kiuno kikagoma. Kwa hiyo nikisimulia nisikatizwe.

Mwaka ule barafu ya mto Pinega ilipopasuka, ilichimba ukingo kwa chini, na nyumba ya bibi Avdotya ikainama, ikasita kidogo, kisha ikaingia majini na jiko lake. Bibi tulimtoa akiwa amekumbatia picha ya Bikira na birika. Taisya, mjane wa mwanawe mkubwa Prokhor, alikuwa akiishi naye humo humo. Wote wawili wakahamia kwenye kijumba chao cha kuogea mvuke, juu kilimani. Kwa kuoga Jumamosi ni kizuri sana. Kwa kupitisha msimu wa baridi, mtu mzee humo hatoki hai.

Mwana mdogo, Venyamin, anakaa mjini. Alikuja na gari, akasema ameshapata nafasi katika nyumba ya kulelea wazee, kuna joto, kuna daktari. Bibi akatema mate chini, ndiyo jibu alilotoa. Taisya akasimama katikati yao.

"Shemeji, nipe mpaka Sikukuu ya Msalaba, Septemba. Nitajenga."

"Wewe? Kwa kitu gani, kwa kijiko?"

"Ukija siku hiyo ukakuta boriti kuu iko juu ukutani, Mama anabaki."

Venyamin akacheka mpaka akafuta macho. Boriti kuu ikishakaa, kila mtu kwetu anajua, paa na jiko huwahi kabla ya baridi kali. Isipokaa, hakuna nyumba. "Haya," akasema, "lakini nisipoikuta, Mama anaingia kwenye gari, na nisisikie kilio." Wakapeana mikono. Bibi Avdotya hakuulizwa na yeyote, nami hilo lilinichoma.

Fundi wa kweli aliyebaki kwetu ni Nikanor, na mikono yake ilikuwa inatetemeka hata bakuli la supu ya kabichi hawezi kulifikisha mdomoni bila kumwaga. Mtu mkali, na mdomo wake mchafu. Taisya alipomwendea, alimwangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Kuku jike akiwika, kwetu anaenda chunguni."

"Nifundishe kwanza, Baba Nikanor. Chungu kitasubiri."

Akamfundisha. Loo, kufundishwa gani kule! Mtu alikuwa anatukanwa toka alfajiri. Chenso, msumeno wa mashine, alipiga marufuku isilie karibu na kiwanja. "Shoka linaubana mti, chenso inauchana. Mti uliochanwa unakunywa mvua, unaoza. Unajenga nyumba au unajenga uyoga?" Kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa mkono. Misonobari iliyokuwa imekatwa tangu enzi za Prokhor, ikakauka bila mwenyewe kuijengea, Taisya aliimenya magome, akaipanga gogo juu ya gogo, huku shina la hili likielekea ncha ya lile ili ukuta usipande upande mmoja. Kwenye pembe, gogo la juu hukalia la chini kwa mkato wa mviringo tunaouita kikombe. Unachora kwanza kwa chuma chenye meno mawili, unachonga kwa shoka, unatandika kuvumwani, unashusha gogo. Likikaa sawa, hata unyasi haupiti.

Nikanor alitembea na unyasi sikioni kama karani na kalamu. Anauchomeka kwenye kiungo. Ukipita, balaa.

"Umetoa mti mwingi! Mti si uji useme nitaongeza unga! Ukishatoa umetoa, hata Mungu harudishi!"

Siku moja kikombe kilipwaya. Nikanor akamwamuru ateremshe gogo zima na alikate vipande vya kuni papo hapo, mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda dukani. Taisya alilikata. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Hasira ikanipanda, nikavuka njia kumwambia yule mzee kwamba hata farasi hapigwi hivyo. Akaniambia nirudi kwenye kuvumwani yangu.

Basi tangu siku ile Taisya akawa anaacha mti wa ziada. Mstari unamwambia kata mpaka hapa, yeye anaishia kabla, kisha anaparaza kidogo kidogo. Nikanor aliridhika, unyasi haukupita tena. Sisi tukasema sasa ameiva. Kumbe ulikuwa woga.

Bibi Avdotya alikuwa anakaa mlangoni pa kijumba cha mvuke, fimbo mapajani, anatazama. Hasifu, halaumu. Nikipita namuuliza, "Bibi, unamwonaje mkwe wako?" Ananijibu, "Naona shoka." Ukimwuliza habari za mjini anageuza uso. Lakini siku zilivyokaribia nilimkuta ameanza kufunga vitu vyake kwenye kitambaa, picha ya Bikira juu.

Sikukuu ya Msalaba ikafika, mbingu ya kijivu, upepo unatoka kaskazini. Kuta zilikuwa zimefika juu, mlango umeshakatwa, sakafu bado. Boriti ilikuwa chini, imechongwa, msonobari mrefu kuliko yote. Hapakuwa na mwingine wa kulinganisha nao. Wanaume waliobaki kijijini walikuja, wakubwa kwa wadogo, akiwamo Zosima mvuvi ambaye ana nguvu kuliko wote na anaogopa ishara kuliko bibi kizee. Venyamin naye alikuwa amesimama kando ya gari na koti lake la mjini, anatazama saa.

Taisya alikuwa ameoka mkate wa samaki. Kwetu mkate huo unafungwa ndani ya koti la ngozi ya kondoo, manyoya nje, unaning'inizwa kwa kamba chini ya boriti, unapandishwa nayo. Boriti ikishakaa, fundi anatembea juu ya ukuta akimwaga shayiri, kisha anakata kamba, walio chini wanadaka, watu wanakula. Ukidakwa, nyumba ina baraka. Ukianguka, nyumba inataka kichwa cha mtu, yaani kuna atakayekufa. Na boriti ikishagusa ukuta haishushwi tena, maana kuishusha ni kama kutoa maiti nyumbani. Hayo anayajua hata mtoto wa kunyonya.

Waliivuta kwa kamba juu ya miti miwili iliyoegemezwa. "Haya! Pamoja! Haya!" Mkate unabembea. Upande wa kushoto ukaingia kwenye kikombe chake, ukalia ko! Watu wakashangilia. Upande wa kulia ukafika, ukashuka, ukagota.

Haukuingia.

Wakaugonga kwa nyundo ya mti. Wapi! Kati ya boriti na ukuta palikuwa na mwanga, unaona mawingu. Kikombe kilikuwa kimebana. Taisya alikuwa ameacha mti mwingi kuliko siku zote, kwa sababu siku hiyo aliogopa kuliko siku zote.

"Mungu wangu," akasema Zosima juu ya ukuta. "Imekataa."

"Teremsheni!" mmoja akapiga kelele chini.

"Haiteremshwi, mpumbavu!" Nikanor akafoka. "Inueni ncha ya kulia kwa nguzo, mshikilie. Wewe Taisya, panda ukachonge hapo hapo."

Taisya akapanda. Akakaa ukutani amepachika miguu huku na huku, shoka mkononi, na boriti ikawa inaning'inia juu ya vidole vyake, imeshikiliwa na nguzo na mabega ya wanaume. Wakiachia, vidole vimekwenda. Ikiteleza kwa ndani, inaanguka na kila kitu. Alianza kuchonga.

"Taratibu! Umepita mstari! La, hujafika! Kushoto!" Mzee alikuwa chini, macho yamemtoka pima, hawezi kupanda, anaona kivuli tu, na bado anaamuru.

"Nikate au nisikate?" Taisya akalia.

"Kata! Ngoja! Usikate!"

Hapo ndipo Zosima alipoteleza. Mguu wake ulikanyaga gogo lenye unyevu, bega likatoka, boriti ikashuka kwa kishindo. Taisya alivuta mkono. Hamadi! Niliona damu kwenye kidole, nikafunga macho. Wenzake waliidaka ile boriti kwa nguzo, lakini mtikisiko ulikata kamba, na koti la ngozi likaanguka ndani ya kuta, pu, kwenye udongo.

Mkate ulikuwa umelala chini katikati ya nyumba isiyo na sakafu, na hakuna aliyeudaka.

"Inataka kichwa," Zosima akasema. "Nina watoto mimi. Naachia."

"Ukiachia utamuua!" nikapiga kelele.

"Ashuke basi! Ashuke, tuiache ianguke!"

Venyamin akamwendea mama yake, akamshika kiwiko kwa upole, sitamsingizia. "Mama, imetosha. Umeona mwenyewe. Twende, gari lina joto."

Bibi Avdotya akainuka kweli. Akaacha kitambaa cha vitu vyake kwenye benchi. Akapiga hatua na fimbo yake, mwanawe amemshika, wakateremka, na mimi nikasema moyoni, basi, amechukuliwa. Walipofika usawa wa mlango wa nyumba, bibi akachomoa kiwiko chake na kuingia ndani.

Kwetu, ukiacha wajenzi walio kazini, hakuna binadamu anayeingia nyumba mpya wa kwanza. Anatangulizwa paka. Anayetangulia kuingia ndiye atakayetangulia kutoka amebebwa.

"Mama!" Venyamin akaganda kizingitini, mguu hauvuki. Yeye wa mjini, wa saa na gari!

Bibi akaenda mpaka katikati, chini ya boriti kabisa, akainama kwa shida akaokota lile koti na mkate ndani yake, akalikumbatia. Kisha akatazama juu.

"Zosima, mwana wa Luka. Inataka kichwa, sivyo?"

"Bibi, toka hapo, nakuomba."

"Basi kichwa hiki hapa. Shika vizuri, usije ukakichukua kabla ya wakati."

Ala! Nani angeachia tena? Zosima alirudisha bega chini ya boriti, mishipa ya shingo imesimama, analia waziwazi kama mtoto. Na Taisya kule juu alikuwa mweupe kama unga.

"Mama, toka! Ngojeni nilete paka!" Taisya akapiga kelele.

"Paka bado mdogo, ana maisha yake," bibi akasema. "Mimi yangu nimeshakula. Wewe chonga."

Taisya akageuka kumtafuta Nikanor. "Baba, nitoe kiasi gani? Niambie!"

Tulimngoja mzee atukane. Akasema, tena polepole, "Mimi sioni kutoka hapa. Unaona wewe. Kata unavyoona."

Nadhani hilo lilimtisha Taisya kuliko boriti. Damu ilikuwa inamchuruzika kwenye mpini, na wanaume wanahema. Halafu akanyanyua shoka. Hakuparaza safari hii. Alipiga, kipande kikaruka, akapiga upande wa pili, kipande kikaruka, vipande vinene ambavyo havirudi. Mama mkwe wake alikuwa chini, mabanzi yanamdondokea kwenye kitambaa cha kichwa, hasogei. Mimi nilikuwa nimeuma ngumi. Taisya akatandika kuvumwani, akaondoa mikono.

"Shusheni."

Wakashusha kidole kwa kidole. Boriti ikaingia, ikalia ko, na mwanga ule ukazibika. Zosima akatoa bega, akabaki amelikumbatia gogo. Nikanor aliondoa unyasi sikioni, akautazama, akampa jirani aliyekuwa kashika ngazi apande nao. Yule alijaribu huku na huku. Haukupita.

Hakuna aliyeshangilia. Sote tulikuwa tunamtazama yule bibi, maana tulijua amefanya nini.

Venyamin bado alikuwa kizingitini. "Mama," akasema, "unajua maana ya ulichofanya?"

"Najua. Mtu hufia kwake." Alifungua koti, akamega mkate, akapangusa udongo kwa kiganja, akatia mdomoni. Alitafuna kwa utulivu mpaka akameza. "Sasa nenda, baba, usije ukachelewa kwa watoto wako. Uwasalimie. Waambie bibi yao yuko nyumbani."

Juu ya ukuta Taisya alikuwa amelaza paji la uso kwenye boriti, mabega yanamtikisika. Bibi alimega kipande kingine, akakiinua kwa mkono mmoja kuelekea juu, mkono haufiki hata nusu, akaushikilia vivyo hivyo.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Njoo ule, nyumba yetu imekaa."