Mwanamume Mwembamba Ukutani Kwangu

Picha zile zilikuwa mbili, na zote zilikuwa za mtu mmoja. Nilipewa kule Mau Narok, wakati mama mzungu niliyemfanyia kazi alipouza shamba la ngano akarudi kwao. Majina ya watu wote wa nyumba ile ninayo kichwani, mpaka la mbwa, lakini siyaandiki hapa. Watoto wa wengine wako hai na mimi sitaki maneno.

Ya kwanza ilikuwa sebuleni kwake, picha ya heshima. Mwanamume mwembamba, nywele nyeupe za kuvaa, pua ndefu iliyoinuka nchani, mkono mmoja juu ya meza yenye karatasi. Ya pili ilikuwa chooni. Huko mtu yule yule alichorwa kwa mzaha: miguu kama ya mbu, pua imevutwa mpaka ikawa mdomo wa korongo, ameketi anakamua ng'ombe aliyekonda. Ndoo yake inamwagika. Nyuma yake wamesimama watu na vikombe vitupu, na ndama amefungwa kamba mdomoni.

Nilizipangusa vumbi miaka mingi kabla ya kuuliza. Mama akaniambia huyo alikuwa mkubwa wa serikali yao, zamani sana, na aliwatoza watu kodi ya kila kitu, hata ya madirisha. Waliochoka naye wakamchora, picha zikauzwa barabarani, watu wakacheka. Nikamuuliza, mbona basi amemweka sebuleni pia? Akasema, "Kwa sababu alikuwa mkubwa wetu." Sikuelewa, nikaendelea na kitambaa changu. Wakati ule hapa kwetu picha ya mkubwa ilikuwa moja tu, juu kabisa ukutani, na hakuna aliyeicheka.

Zilipokuwa zangu nilizitundika nyumbani kwangu, mtaani Rhonda, zote mbili sebuleni, kwa sababu choo chetu kiko nje na tunakitumia na majirani. Zikakaa. Jicho likizoea kitu halikioni tena, ndiyo maana siku wageni wa Olenguruone walipokuja, sikuwaza kabisa habari ya ukuta.

Walikuja kumwulizia posa mjukuu wangu. Huyo msichana nimemlea mimi tangu mama yake afariki, na kijana wao alikuwa amempenda kweli, naye msichana alimpenda. Lakini wazee wakiondoka kwa hasira siku ya kwanza, mambo huishia hapo. Tulifagia, tukapika chapati, mursik, yale maziwa ya kibuyuni, ikatengwa mahali pa baridi.

Baba wa kijana aliingia wa mwisho. Mrefu, mwembamba, na pua, Mungu anisamehe, ndefu. Nilijua ni mwenyekiti wa chama cha maziwa kule kwao, na manung'uniko ya wakulima kwamba hawalipwi maziwa yao tulikuwa tumeyasikia. Lakini hayo yote hayakukutana kichwani mwangu mpaka nilipomwona amesimama mbele ya picha, kofia mkononi.

"Mama," akasema polepole, "nani amenichora?"

Ndugu yake akasogea, akatazama, akashindwa kujizuia. "Wewe! Hata unavyokalia kigoda ni hivyo hivyo!"

"Nyamaza."

"Na huyu mwenye kikombe kitupu ni mimi."

"Nimesema nyamaza." Akavaa kofia. "Kumbe tumeitwa kuja kutukanwa. Twendeni."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni pa jikoni na birika. Nilimwona uso, nikasimama. Nikamwomba yule ndugu anishushie picha zote mbili, nikazilaza mezani katikati ya vikombe.

"Mzee, hebu keti kwanza. Huyu si wewe. Ni Mwingereza, alikufa kabla reli haijafika hapa."

"Mwingereza na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako ni wa rangi gani?"

"Mweusi na mweupe."

"Huyu je?"

Akainama, miwani ikimteleza. "Mwekundu," akakubali.

"Na ana chuchu tano," ndugu yake akasema. "Aliyechora huyu hajakamua hata siku moja."

Wazee wote wakainuka kuhesabu. Nikawaona wamesahau kuondoka. Lakini baba wa kijana alikuwa ameshahamia ile picha ya heshima.

"Huyu na huyu ni mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Na kweli alikula maziwa ya watu?"

"Sijui, mzee. Waliochora hii wanasema alikula. Waliochora ile wanasema ni mtu wa heshima. Mimi nilikuwa napangusa vumbi tu."

"Mimi sijala," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuitarajia kwa mtu mrefu hivyo. "Gari letu liliharibika, na barabara yetu mnaijua wakati wa mvua. Maziwa yaliharibikia njiani. Lakini mimi nani atanichora hivi?" Akagusa kioo cha ile ya heshima kwa kidole kimoja.

Ndugu yake alitazama chini. Nikaelewa kwamba mtu huyu alitoka kwake asubuhi akiogopa tumesikia nini.

Nikamwambia, "Hapa tumekutana kuongea habari ya watoto."

Akavua kofia. "Basi zirudisheni juu."

"Zote?"

"Zote. Mkiacha moja, watu watauliza nyingine iko wapi."

Akachagua kiti kilichokuwa chini ya picha zile kabisa, ili asimwone yule mtu. Tuliongea ya ukoo na ya kanisa mpaka tukafika kwenye ng'ombe wa mahari. Tukataja tunaowataka. Ndugu yake akakohoa, akajiweka sawa kuanza kubishana, lakini yeye akainua mkono.

"Wape. Mimi siwezi kubishania ng'ombe nikiwa nimekaa chini ya huyu."

Akacheka yeye wa kwanza, ndipo sisi tukacheka. Mjukuu wangu akaingia kumimina chai, akaanza na kikombe cha mzee yule.