Moshi Mweupe wa Mashine ya Mama

Harufu ya dizeli isiyoungua huchoma macho kabla ya kufika puani, na kwangu ni harufu ya alfajiri za Rubondo, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, msimu ule wa baridi mama alipokuwa na mashine ya kusagia mahindi. Aliizungusha kwa hendeli huku ukungu umelala juu ya migomba. Ilikohoa, ikanyamaza, ikatema moshi mweupe kama maziwa, na upepo ukaupeleka moja kwa moja ndani ya kanisa letu la udongo, ambako korali ilifanya mazoezi kabla watu hawajaenda shambani. Papa Zakaria, mwalimu wa korali, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. "Mama Neema, baimbaji bangu banakohoa kuliko kuimba," alimwambia mama mlangoni petu, nami Neema nikisikiliza. "Moshi ikiingia tena kesho, mashine ihame fasi ingine." Hakutania. Kiwanja kilikuwa cha kanisa, na injini ilikuwa imefungwa kwenye saruji. Kuihamisha kulikuwa sawa na kuizika, na chakula chetu chote kilitoka humo. "Unipe hiyo asubuhi moja tu, papa," mama alijibu.

Jioni ile alinipa pampu ya baiskeli, akaniambia nisukume kwa nguvu huku nimeziba tundu lake kwa kidole. Pampu ikapata moto mikononi mwangu. Akanieleza kwamba injini ya dizeli haitumii cheche; hewa ikibanwa hupata joto, na joto hilo ndilo linalowasha mafuta. Hewa ikiingia baridi mno, mafuta hayaungui, hutoka yakiwa moshi mweupe. Basi dawa haikuwa kuzungusha kwa hasira, bali kuipasha hewa joto kabla haijaingia.

Kesho yake alibeba mbabula, lile jiko letu la makaa, akaliweka karibu na bomba la kuvutia hewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mama aliinama akapuliza makaa, kitenge kikigusa vumbi, korali nzima imetoka nje kutazama. "Leo anapikia mashine uji!" mmoja akasema, wakacheka. Mama hakuharakisha. Alingoja, kisha akashika hendeli. Akazungusha mara moja, mara ya pili, na injini ikanguruma. Kilichotoka kilikuwa kiwingu chembamba tu, kikapotelea hewani. "Moshi iko wapi?" akauliza Papa Zakaria. "Uliza mapafu yako, papa!" mama akamjibu. Vigelegele vikaushinda mlio wa injini, na mashine haikuhama.

Leo natengeneza malori Biharwe, pembeni mwa Mbarara. Injini nyingi ninazozishika zina waya wa umeme wa kupasha hewa. Taa ndogo huwaka mbele ya dereva, na ikizimika ndipo anapowasha injini. Wasio na subira huizungusha injini mapema, wakajaza uwanja moshi. Nawaeleza taratibu, nao huelewa. Nikipima, waya unayashinda makaa kwa wepesi na usafi, wala sitamani kurudi kupuliza majivu. Lakini dereva huwasha akaenda zake, asijue kuwa ameishinda baridi. Sisi tulijua.