Besi Kwenye Mlango wa Kabati

Sikupata usingizi nikijiuliza: nichangie spika kubwa la bendi yetu ya hapa Doha, au ninunue amplifaya ndogo, yangu mwenyewe? Kiongozi wetu, Kaka Jafari, alikuwa ameshaamua. "Dogo, besi bila spika kubwa ni mlio wa mbu. Changia tu, litakaa kwangu Lusail."

Tulikuwa tumeliona mtaa wa Najma, katika duka la vitu vilivyotumika. Nilipoinama kulikagua, kitambaa chake kilinuka vumbi na sigara, nikakumbuka mchana ule kwetu Tanga.

Baba alipiga besi katika bendi, na spika lake lilikaa sebuleni. Nilizoea kulikalia akifanya mazoezi, mngurumo ukinitetemesha tumbo. Siku hiyo wenzake walikuja kulichukua.

"Mzee, vyombo ni vya tajiri wa bendi. Sisi tumetumwa tu."

Baba alicheka, akawasaidia kubeba. Nilikimbia kufungua geti, nikiwaringia watoto wa jirani, nikidhani linakwenda kutengenezwa. Baadaye alipiga gitaa lake la besi akilibana kwenye mlango wa kabati, ili mbao zivume kidogo badala ya spika. Nilidhani ni mchezo, nikatega sikio upande wa pili. Sasa najua alikuwa amefukuzwa, na hakuna bendi nyingine iliyomwita.

Ijumaa nilirudi Najma, nikampigia Jafari simu.

"Nanunua ile amplifaya ndogo, kaka."

"Basi tutatafuta mpiga besi mwingine."

"Tafuteni."

Nililipa, nikaibeba begani mpaka chumbani kwangu.