Shikamoo ya Mwanaidi kwenye friza ya mama yake

Naandika hapa na akili inakataa. Mwanaidi wangu, partner wangu wa lab, hayupo. Jumanne tulikuwa tunabishana kuhusu nyaya, Jumatano gari likamgonga akivuka barabara Tegeta, Alhamisi tukamzika. Jamani, hivi inawezekanaje?

Tulikutana siku ya kwanza ya somo la microcontroller. Mwalimu aliinua kidude cheusi chenye vimiguu, akasema hii ni kompyuta nzima, na mwisho wa muhula kila wanafunzi wawili watakuwa wametengeneza nayo kitu kinachofanya kazi nyumbani kwa mtu. Sauti nyuma yangu ikasema, "Kwa hiyo hiki kidudu kikiungua, na mie ndo nimeungua?"

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Baadaye Mwanaidi akanifuata. "Shosti, sie group moja." Wala sikuulizwa.

Siku tuliyowasha bodi yetu, kibao kinachobeba kile kidude, namba zilikuwa zinaruka hovyo kwenye kioo. Tukailaumu code, tukailaumu kompyuta, tukamlaumu na kaka aliyetuuzia sensa ya kupima joto Kariakoo. Kumbe hatukuunganisha ground, ule waya mmoja ambao vifaa vyote lazima vichangie. Na asubuhi ileile tulikuwa tumetoka kuwacheka wenzetu kwa kosa hilohilo!

Tangu hapo salamu yake kwangu ikawa, "Gloria, ground!" Hata kwenye harusi ya dada yangu, kanisani, mchungaji anaomba, mtu ananinong'oneza, "Ground!" Nani ataniita hivyo sasa?

Wazo la mradi lilikuwa lake. Mama yake anauza samaki Kunduchi, na friza yake iko sebuleni. Umeme ukikatika yeye yuko uani na shughuli zake, anakuja kukuta samaki wamelegea. Kifaa chetu kina betri ndogo. Friza ikianza kupata joto, kinapiga kelele mpaka jirani anasikia. Mimi nilichomelea nyaya, code yote aliandika Mwanaidi.

Umeme ukirudi, kinalia kidogo na kioo kinaandika: SHIKAMOO MAMA. Hilo halikuwemo kwenye mradi. Mwalimu alipouliza la nini, Mwanaidi akamjibu, "Mwalimu, si kimeamka? Kitaamkaje bila kumsalimia mama?" Mwalimu mwenyewe alicheka, akasema tuliache.

Halafu kuna group wakatunakili. Mwanaidi alikasirika kweli, akaifunga ile chip, kile kidude cheusi. Inafanya kazi, lakini hakuna anayeweza kusoma kilichomo, na ukilazimisha kuifungua inajifuta. "Anayeitaka code yangu aje aniombe mwenyewe, kwa mdomo wake." Nakala pekee ilikuwa kwenye laptop yake. Laptop ilikuwa begani kwake siku ile barabarani. Hakikupona kitu.

Nakuomba, Mwanaidi. Kwa mdomo wangu nakuomba. Mbona hujibu?

Alhamisi nilikuwa kwao, nimejitanda khanga, nimekaa mkekani na kina mama. Wanaume walishaondoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki. Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Mara feni ikaanza kuzunguka, friza ikaunguruma, na kile kifaa tulichokifunga pale kikalia.

SHIKAMOO MAMA.

Mama yake alikuwa ameinamia mkeka tangu mwili utoke. Akainua uso, akakitazama kioo, akaitikia: "Marahaba, mwanangu."

Kilio kilichofuata siwezi kukieleza. Mimi nilitoka nje nikakaa chini kwenye mchanga.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni kinachoniua. Bodi ile ni ya chuo. Jumatatu hii bodi zote zinarudi lab, zinafutwa, zinasubiri darasa lijalo. Nimeomba ninunue nyingine ya aina hiyohiyo. Nimeambiwa zina namba, irudi ileile.

Mnanifuata inbox mnaniambia, Gloria, si uandike upya, ni mistari michache tu. Najua ni mistari michache! Naweza kuiandika nikiwa nalia hivihivi. Lakini hiyo itakuwa shikamoo yangu. Mimi sio mtoto wake.

Jana nilikwenda kumweleza mama wa Mwanaidi. Nilidhani atagoma, nami ningejificha nyuma yake. Badala yake akasema, "Mali ya watu irudi, mwanangu, msije mkaharibu masomo yenu." Masomo YENU. Bado anahesabu wawili. Halafu akaniuliza taratibu, "Wakikichukua, huko kitakuwa kinamsalimia nani?"

Niliondoka mikono mitupu, na mtandio wangu nikausahau.

Kaka fundi wa lab, najua unanifuata humu. Nakuheshimu na kazi yako naielewa. Jumatatu nitakuja, lakini bodi sitakuja nayo. Andika imepotea, andika Gloria ni mwizi, nipeni F nirudie somo zima mwakani peke yangu. Sina ujanja mwingine. Kukichomoa kwenye ile friza siwezi, mikono haitaki.

Mwanaidi, mchana huu umeme umekatika tena kwenu. Mama kanipigia. Samaki hakuwataja kabisa. Alisema amevuta kiti, amekaa mbele ya friza, anasubiri umsalimie.

Ulituacha bila kuaga, mkorofi wewe. Pumzika kwa amani, partner. Ground nimeunganisha. Mama ataitikia.